Kifungo cha Chini

"Kuna mama mumoja humu ndani," Béatrice alisema, macho ameyafumba, kiganja amekiinua juu ya vichwa vya watu. "Ninamuona. Kichwa yake inazunguka. Anajificha, lakini Mungu iko anamuona."

"Amina," kanisa likaitika.

Vénérande alikuwa ameketi upande wa akina mama, pale pale pa siku zote, bega limegusa matofali. Watu walidhani anapenda pembeni kwa unyenyekevu. Ukweli ni kwamba ukuta ndio uliokuwa ukimshika.

"Ninamuona ku bomba." Sauti ya Béatrice ilipanda, ikaanza kutetemeka kama inavyotetemeka neno linapomshukia. "Anashika bidon ya njano. Yesu! Anaanguka! Bidon inavingirika, maji inamwangika yote! Ni nani anamusukuma? Ni bwana yake aliyekufa kule. Ile roho haijamuacha. Njo inamuzungusha."

Hakutaja jina, wala hakukuwa na haja. Shingo ziligeuka moja moja, za akina mama kwanza, kisha za waimbaji. Pasta Audace alisema kanisa litafunga juma zima, na Jumapili mama huyo ataletwa mbele afunguliwe. Ngoma zikapigwa.

Vénérande aliinamisha kichwa polepole, kama alivyofanya kila kitu siku hizi. Hakulia. Kitu kimoja tu kilikuwa kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Hakukuwa na bidon.

Kizunguzungu kilikuwa kimeanza na mvua za mwisho. Akigeuka kitandani, paa lilimkimbia. Akiinama, ardhi ilimpanda usoni. Akajifunza kuamka kwa vituo: kiwiko, kisha kukaa, kisha kushika fremu ya mlango mpaka kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, irudi mahali pake. Alilala ameegemea gunia la vipande vya vitambaa. Sindano ikianguka aliiokota kwa vidole vya mguu. Kwenye cherehani alijizoeza kutazama mguu wa sindano tu, asilitazame gurudumu, maana gurudumu likizunguka na yeye huzunguka nalo, na mshono hupotea.

Siku alipoanguka vibaya alikuwa bafuni, ndani ya ule uzio wa magunia nyuma ya nyumba, akijisuuza kichwa. Alizinduka uchi, shavu kwenye tope, sabuni imekauka machoni. Alijifunga kitenge akaingia ndani, na jioni ile Béatrice alipoona jeraha kwenye paji lake la uso akauliza, Vénérande aliona haya. Mjane, uchi, tope. Akasema, "Nilianguka ku bomba. Bidon yangu ya njano ikavingirika, maji ikamwangika yote." Aliongeza hata bidon, ili uongo uwe na uzito.

Alimwambia Béatrice peke yake. Wakafunga mlango, wakaomba pamoja, wakashikana mikono.

Jumatatu asubuhi, mama mmoja wa kwaya alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. "Nitangoja kwanza upone, Mama Eze," alisema, akikikunja upesi, akijitahidi asiguse meza.

Vénérande alimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya ukuta wa gereza la zamani lililogeuzwa kambi. Kisha akavaa viatu. Nyuzi zilikuwa zimemwishia, na shati la mwaka huu la mwanawe Ezechiel lilikuwa limebakiza kifungo kimoja.

Kila mwaka alishona shati moja. Vita vilipoingia Fizi, kule Kongo, mara ya pili, mwaka wa 1998, mumewe alipigwa risasi njiani, na katika kukimbia kule mkono wa mtoto ukamponyoka kwenye msongamano wa watu. Alikuwa amevaa shati la miraba alilomshonea mwenyewe. Miezi ya kwanza hapa kambini Vénérande hakula wala hakushona. Mpaka Béatrice, jirani wa mlango wa pili, mtu wa Uvira, alipopiga magoti kando ya mkeka wake, akatetemeka, akasema, "Mutoto iko muzima. Ninamuona. Anavaa shati ya miraba, kifungo ya chini haifanane na zingine. Ni ya kahawia."

Vifungo vyeupe vilikuwa vimepungua kimoja, na Vénérande alikuwa amekata cha kahawia kwenye koti la mumewe. Nani angeweza kujua jambo hilo, zaidi ya Mungu? Siku ile alikula. Juma lile alikaa kwenye cherehani aliyoazimwa na kanisa. Na kila mwaka alimwita Patient, mwana wa Béatrice aliyelingana kwa umri na Ezechiel, akampima mgongo kwa futi ya kitambaa, akashona shati la mtoto mrefu zaidi. Kifungo cha chini, cha kahawia. Mashati yalikuwa chini ya gunia, yamekunjwa, yakipishana mikono.

Alipata lifti ya pikapu mpaka Lilongwe, mtaa wa Old Town, akaingia duka la vitambaa la Mhindi mmoja ambaye mkewe alimfahamu. Alichagua nyuzi. Akachagua kifungo kimoja cha kahawia, akakifunga kwenye ncha ya kitenge. Kisha, kwa kusahau, akainua macho kutazama kitambaa cha miraba kwenye rafu ya juu kabisa.

Marobota yakaanza kutembea. Rangi zikavutana, nyekundu ikaingia ndani ya kijani, dari ikapinduka kama chapati, na Vénérande akasikia mikono yake mwenyewe ikikwaruza kaunta kwa kutafuta pa kushika.

Mke wa mwenye duka alimpa kiti na maji, halafu akamtuma mfanyakazi ampeleke zahanati ya mtaa wa nyuma. Daktari alikuwa mzee wa Kimalawi mwenye sweta lililotoboka kiwikoni. Vénérande alimweleza kwa Kichewa chake cha sokoni. Mzee hakushtuka.

"Ukigeuka kitandani, inaanza?"

"Inaanza."

"Ukitazama juu?"

"Njo leo, dotolo. Nilitazama vitambaa."

"Sasa nitakulaza, amayi. Itazunguka sana. Usifumbe macho. Tafuta kitu kimoja kisicho na miguu, ukitazame hicho tu."

Alimgeuza kichwa upande wa kulia, akamlaza haraka, shingo ikaning'inia ukingoni mwa kitanda. Dunia ikang'oka. Vénérande akapiga kelele, akaita jina la Bwana, akakamata sweta la mzee, lakini macho hakuyafumba. Ukutani palikuwa na msumari usiotundikwa kitu. Aliushikilia kwa macho. Ulikimbia, ukarudi, ukakimbia, na taratibu, kama maji ya beseni baada ya nguo kutolewa, ukatulia. Mzee akamgeuza upande wa pili, akangoja, akamkalisha.

"Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana," alisema, akinawa. "Vyako vimehama mahali pake. Vikitembea, kichwa kinadhani mwili unaanguka. Huenda kizunguzungu kitarudi. Kikirudi, fanya hivi hivi nyumbani."

"Si roho?"

"Roho yako sijaipima, amayi. Nimepima sikio."

"Zikomo," Vénérande alishukuru, akatoka.

Alirudi na pikapu ile ile, ameketi juu ya magunia ya mahindi, uso kwenye upepo. Furaha ilimjia kidogo, halafu ikaondoka. Kama ni sikio, basi mumewe alikuwa amelala alikolala, hamsukumi mtu. Na ile bidon? Alijaribu kumtetea rafiki yake. Labda Mungu alimpa maono, na Béatrice mwenyewe akatia bidon kwa kusahau. Mtu huchanganya. Alivitembeza vidole kwenye ncha ya kitenge, akakigusa kifungo.

Hapo akakumbuka.

Zilikuwa siku za kwanza kabisa kambini, walipokuwa wakipanga mstari wa unga, wala bado hawajajuana vizuri. Blauzi ya Béatrice ilikuwa imepungukiwa kifungo, naye akilalamika kwamba hapati kinachofanana. Na Vénérande, kabla huzuni haijamfunga kinywa kabisa, alimwambia, "Tia yoyote. Hata mutoto wangu nilimutilia ya kahawia ku shati yake ya miraba, ile ya chini. Nani atatazama kule chini?"

Alikuwa amemwambia. Kwa kinywa chake.

Pikapu ilipita kwenye shimo. Watu wakarushwa, wakacheka, wakashikana. Vénérande alishika magunia kwa mikono miwili, ingawa kichwa chake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kilikuwa kimetulia kabisa.

Alimkuta Béatrice uani, akitwanga sombe, kisamvu cha jioni.

"Mama Eze! Umerudi? Lilongwe iko namna gani?"

"Iko pale pale. Mi njo nilianguka."

"Yesu! Tena? Unaona? Njo maana tunafunga. Ngoja Jumapili."

"Docteur anasema ni sikio."

"Badocteur banajua nyama tu." Béatrice alicheka, akainua mchi. "Kaa. Umekula?"

Vénérande hakukaa. "Mama Patient, bidon ilivingirika?"

"Bidon gani?"

"Ile uliona ku kanisa."

"Niliona vile Mungu alinionyesha."

"Sikuanguka ku bomba. Nilianguka mu bafu, uchi, kama mutoto. Nilikudanganya we juu ya haya." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza bei. "Mungu yeye, nilimudanganya pia?"

Mchi ulisimama ndani ya kinu. Béatrice alijifuta mikono, akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Bantu banakuja kwangu sasa," alisema hatimaye. "Hata kutoka Area 23, kule Lilongwe, banakuja. Banataka neno. Siku ingine neno haije, Mama Eze. Na bantu bamekaa, banakutazama. Utafanya nini?"

"Na kifungo?"

Béatrice hakuuliza kifungo gani.

Nyumba ya pili mtu alikuwa akimkemea mbuzi. Béatrice aliketi kwenye kigoda, magoti yameachana, mikono imelegea katikati.

"Ulikuwa haukule," alisema. "Ulikuwa unageukia ukuta. Ningekuambia nini? Niambie we. Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia kama haujue."

"Ungekufa."

"Pengine."

"Nimekupa mugongo wa mutoto wangu kila mwaka, umupime. Hiyo pia ni uongo?" Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, na Vénérande aliona kuwa yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomkata zaidi. "Jumapili usinivue nguo mbele ya bantu, Mama Eze. Nakuomba."

"Mi njo ulinivua," Vénérande alisema.

Akageuka polepole, akaenda kwake bila kushika ukuta.

Jua la jioni lilikuwa bado linaingia kupitia mlango. Shati la mwaka huu, alilokuwa amelianza kwa kitambaa cha akiba, lilikuwa limetundikwa msumarini, limekamilika mwili na mikono, vifungo vyeupe vimeshuka kwa mstari hadi karibu na pindo. Alikuwa amelishona kwa kukisia, maana Patient hakuwa amepimwa. Alilitazama kama mtu anayetazama nguo ya mteja asiyemkumbuka. Kwa miaka hii yote alikuwa akijua mabega yake yamefika wapi. Sasa hakujua kama kuna mabega. Alitaka kuomba, na ulimi ukamrudishia maneno ya Béatrice, mtetemo na yote, kwa hiyo akanyamaza mbele za Mungu, akitumaini kwamba hilo nalo lingesikika.

Alipoinama kuvua viatu, sakafu ikampanda tena.

Hakuita mtu. Alijikokota mpaka kitandani, akalaza kichwa upande wa kulia, shingo akaiachia ukingoni kama alivyoonyeshwa, ngumi ameikaza juu ya kile kifungo cha kahawia. Chumba kikang'oka. Cherehani ikakimbia, mlango ukakimbia, na katikati ya mbio zile akalitafuta shati, akalishika kwa macho. Liliyumba. Liliondoka kama mtoto anayevutwa na umati, likarudi, likaondoka tena, nalo kila lilipoondoka yeye alikodoa zaidi, hakufumba, mpaka likapunguza mwendo, likaning'inia, likatulia.

Chini kabisa, karibu na pindo, tundu la kifungo lilikuwa wazi, na mwanga wa mlangoni ulipita humo.