Waridi la Upande wa Wifi

Nikwambie ukweli, lile waridi nililihesabu langu, ingawa mizizi yake ilikuwa kwa wifi yangu. Kaka yangu ndiye aliyelipanda, chini ya ukuta uliogawa kiwanja tulichoachiwa na baba: yeye na mkewe upande ule, mimi na cherehani yangu upande huu. Likatambaa, likavuka ukuta, likamwaga maua yote kwangu. Wao wakabaki na majani na miiba. Kaka alikuwa akinitania kwamba hata mti unajua nani ana kelele, ndiyo maana unamhonga.

Alipofariki, wifi akalikata. Si kulipunguza, kulikata hasa, vikabaki visiki vya kufika magotini. Nilipoona ukuta uko uchi nikapanda juu ya stuli nikamuuliza kama ana akili timamu. Akasema waridi likizeeka hukatwa hivyo, la sivyo linajisonga lenyewe. Nikamwambia aliyelipanda hakuwahi kulifanyia ukatili huo. Sote wawili tulikuwa na msiba, na ndimi zetu zilikuwa wembe. Mwisho akasema, "Basi, wifi, kila mtu na upande wake," akaingia ndani.

Na kweli, kila mtu akabaki na upande wake. Waridi likachipua, likarudi kwa wingi kuliko kwanza, wala sikumwambia kwamba limerudi. Ningeanzia wapi? Nikawa naondoa maua yaliyonyauka ili mapya yapate nafasi, nanyunyiza maji ya sabuni kuua wadudu, napalilia maua yangu ya jerbera pale chini, huku nasikia ndoo yake ikigonga upande wa pili. Niliizoea ile ndoo. Wateja siku hizi wananunua nguo zilizoshonwa tayari, na siku nzima inaweza kupita sijafungua kinywa ila kubishana na mtangazaji wa redio, ambaye hanisikii. Basi ndoo ikigonga, najua kuna mtu. Nami nakohoa kidogo, naye ajue nipo. Cheka tu, hujawahi kuishi peke yako.

Habari ya kuhama kwake nililetewa na muuza maziwa, yule asiyeweza kubeba maziwa bila kubeba na maneno. Aliniuliza nitabaki na nani wifi akishakwenda kuishi kwa binti yake, maana gari la mizigo linakuja leo. Nikajifanya najua. Nikamwambia maziwa yake siku hizi ni maji matupu, akaenda zake amenuna. Nikabaki jikoni na sufuria mkononi. Nani mwingine alikuwa amebaki duniani anayenijua tangu nikiwa msichana? Hakuna. Nikaamua kwenda kumwomba asiondoke, kiburi nikimeze kikavukikavu.

Nikavaa gauni langu la kutokea, nikachukua na mkasi wa bustani ili nisifike mikono mitupu, nikazunguka hadi getini kwake. Binti yake alinifungulia, akasema shikamoo shangazi, akanipisha nipite. Sebule ilikuwa maboksi tu, mapazia yameshushwa, ukutani kuna alama nyeupe palipokuwa na picha ya kaka. Akaniambia mama yuko nyuma.

Wifi alikuwa amechuchumaa penye shina la waridi, akililisha samadi kwa mikono. Alikuwa amekonda, mabega yamekuwa madogo kama ya mtoto. Upande ule ni kivuli kitupu, ukuta una ukungu. Nilisema nimekuja kumsaidia kupogoa. Akaniambia haya, pogoa, bila kugeuka.

Nikainama, na hapo ndipo nilipoona. Tawi jipya la waridi hutoka kwenye jicho, kile kinundu chekundu, nalo hukua kuelekea kule jicho linakotazama. Anayepogoa ndiye anayeamua: anachagua jicho, anakata juu yake. Sasa mikato yote pale, ya zamani iliyogeuka kijivu na ya juzi ambayo bado mibichi, ilikuwa juu ya jicho linalotazama ukutani. Linalotazama kwangu. Hakuacha hata moja liangalie nyumba yake. Nami miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwamba waridi linanipenda mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakujibakizia japo tawi moja.

"Huku hakuna jua," akasema. "Halafu kila nikimwagilia nakusikia unakohoa. Nikajua upo hapo, unayaangalia maua."

Nikakaa chini kwenye udongo, na gauni langu zuri, nikalia kwa sauti. Aibu ilinishika, na uchungu, na hasira juu yangu mwenyewe, vyote kwa pamoja.

"Wifi, usiende," nikamwambia. "Mimi sina mtu mwingine."

Alijifuta samadi mikononi taratibu, kidole kwa kidole.

"Nyumba nimeshauza. Nilikuwa nakungoja uzunguke huo ukuta, wifi yangu. Kila mwaka nasema labda mwaka huu. Safari hii nikachoka."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikamwambia sasa nimekuja. Akasema anaona, akanishika mkono, akanisaidia kuinuka, yeye aliyekonda akiniinua mimi mnene. Tukasimama hivyo mpaka binti akaja kusema gari limefika na dereva ana haraka.

Nikachukua boksi la vyombo nikambebea hadi garini. Lilikuwa zito, na nilitembea polepole kadiri nilivyoweza.