Mbolea ya Mawifi Wawili

Fundi Rangi alipofariki aliacha mke, dada, na minyanya aliyoipanda kwenye ndoo tupu za rangi, juu ya paa la saruji la nyumba aliyoirithi pamoja na huyo dada yake. Yeye na mkewe hawakujaliwa watoto. Minyanya ndiyo aliyoiamkia kila siku, akiipangusa majani kama anayemwosha mtoto uso. Majirani walimcheka, mpaka walipozionja nyanya zake.

Mkewe alikuwa mshonaji. Dada mtu alikuwa msusi, mwanamke mwenye mikono mizuri na ulimi mkali. Zamani wawili hawa walikuwa chanda na pete. Lakini siku ya maziko, mbele ya waombolezaji, msusi alimgeukia wifi yake akasema, "Ulimsikia akikohoa miezi yote ile, na wewe unakanyaga cherehani tu!"

Mshonaji hakueleza jinsi alivyomsihi mumewe aende hospitali mpaka sauti ikamkauka. Neno lile lilimwingia, likakaa. Tangu hapo wakaishi kama wapangaji wasiojuana: mmoja akiingia uani, mwenzake hutoka.

Msiba haujapoa, majani ya chini ya minyanya yakaanza kuwa ya manjano. Mshonaji alichuma moja akalipeleka kwa mwenye duka la mbegu.

"Hii ni njaa, mama," alisema yule bwana akiligeuza jani. "Udongo wa ndoo ni kidogo, na kila ukimwagilia, chakula kinatoka kwenye matundu ya chini pamoja na maji. Mche unakula majani yake ya chini ili ncha iishi." Akampimia urea. "Kijiko cha chai kwenye ndoo nzima ya maji, kisha uache wiki mbili. Usizidishe. Mbolea si uji."

Akawa anapanda paani asubuhi kabla ya kufungua kazi. Rangi ya kijani ilirudi, naye kwa mara ya kwanza akajikuta anakula chakula akakimaliza. Haikudumu. Kingo za majani zilikauka kama karatasi iliyopitiwa na moto, ncha zikajikunja, na vitunda vichanga vikaoza vyeusi kitakoni. Akadhani njaa bado haijaisha. Akaongeza kijiko. Mambo yakazidi kuharibika, na juu ya udongo ukatanda ukoko mweupe.

Ukoko ule ndio uliomtia wazimu. Alimkuta msusi uani akisuuza mataulo ya saluni.

"Wifi, una chuki na mimi, sawa. Minyanya imekukosea nini?"

"Imefanya nini?"

"Unaimwagia maji ya sabuni. Ukoko nimeuona kwa macho yangu."

Msusi alisimama, taulo likimchuruzika mkononi. "Mimi? Niitie sabuni minyanya ya kaka yangu?" Akaingia chumbani kwake, akatoka na mfuko wa plastiki na kuutupa chini. Zikamwagika chembe nyeupe za urea. "Kila jioni unapopeleka nguo za watu, mimi ndiye ninayeilisha. Nilidhani umeitelekeza kama..."

"Malizia."

"Nimenyamaza."

Walikwenda dukani pamoja. Mwenye duka aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akashika kichwa. "Kumbe mnalisha ndoo zilezile! Kweli manahodha wengi, chombo huenda mrama." Alipoona hawacheki, akashusha sauti. "Mbolea ikizidi inakuwa chumvi, inaunguza mizizi. Mche unashindwa kunywa na maji yapo, ndiyo maana hata matunda yanaoza chini. Kwangueni ule ukoko, zibueni matundu, mwageni maji safi mpaka yachuruzike sana. Halafu msiipe kitu. Iangalieni tu."

Wakapandisha maji ngazini, mmoja akijaza bombani, mwingine akipokea. Migongo iliwauma. Baadhi ya miche ilikuwa imeshakufa imesimama. Mshonaji alipoing'oa, mizizi ilitoka ya kahawia, laini, ikamkatikia vidoleni kama uzi uliooza. Hapo ndipo alipolia, kilio ambacho maziko hayakukitoa.

Msusi hakumshika. Alisimama na ndoo yake mpaka kilio kikapungua, kisha akasema akitazama pembeni, "Chumba changu na chenu vinatengwa na ukuta mmoja, wifi. Kikohozi kile na mimi nilikisikia."

"Najua."

"Mbona hukuniambia, siku ile ya maziko?"

"Ningekwambia, ingekuwaje? Yeye alikuwa ameshalala kaburini."

Msusi akainama, akaendelea kukwangua ukoko kwa kijiko.

Miche michache ilipona, ikatoa majani mapya membamba na nyanya ndogo zenye ngozi ngumu. Walizigawana ngazini, kila mmoja akaenda kupika jikoni kwake. Mshonaji alizikaanga akaonja. Zilikuwa na ukali, hazikukaribia zile za mumewe. Alizila hivyohivyo, huku akimsikia wifi yake upande wa pili wa ukuta akiburuta kiti, naye akiwa peke yake, naye akila.