Mafuta Yasiyoonja Moto

Mwaka wa sabini na nne duka la ushirika la Kaole halikuwa na tone la mafuta, na harusi ya Mize ilikuwa mlangoni. Sihaba, mke mdogo, akajitolea kutengeneza mafuta ya nazi ya kumsinga bibi harusi. Mwanamkasi, mke mkubwa na mama mzazi wa Mize, alishukuru kwa mdomo tu. Mke mwenza akikukirimu, uliza kwanza kuna nini.

Basi akaanza kuchungulia. Alfajiri alimwona Sihaba mpapaini, akichanja mapapai mabichi kwa ncha ya kisu na kukinga utomvu katika kifuu. Utomvu ule akautia kwenye tui zito, akakoroga, akafunika kawa, akaenda zake. Meko hayakuwashwa. Kesho yake mafuta yalikuwa yanaelea, maangavu, hayana hata harufu ya moshi. Mwanamkasi tangu azaliwe alijua mafuta ya nazi hupikwa, na mpishi hulizwa na moshi. Haya yaliyojitoa yenyewe yametolewa na nani?

Papai bichi alilijua. Hulainisha nyama ya ng'ombe mzee, na mwenye mimba hukatazwa asilionje, lisije likamharibia. Na Sihaba, miaka yote ya ndoa yake, hajapata mtoto. Aliyekosa anataka na wa mwenziwe akose, ndivyo Mwanamkasi alivyoona. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya kusingwa, wanawake wamejaa chumbani, Bi Ashatu, somo aliyemfunda Mize, akamimina mafuta kiganjani. Mwanamkasi akamshika mkono.

"Ngoja, somo. Hayo hayamgusi mwanangu. Sihaba ametia utomvu wa papai bichi, anataka kulifunga tumbo la Mize."

Sihaba hakubisha.

"Nimetia, dada. Kwetu Pangani bibi yangu hakupika mafuta. Utomvu hulikata tui kama unavyolainisha nyama, mafuta yakapanda juu, ukayaengua."

"Maneno hayo."

Sihaba akachovya vidole bakulini, akalegeza kanga aliyojitanda, akajipaka tumboni taratibu mbele ya wote. Tumbo lilikuwa limetuna. Bi Ashatu, aliyezalisha nusu ya Kaole, akaliwekea mkono.

"Alhamdulillahi. Huu mwezi wa tano."

"Najipaka kila siku," Sihaba akasema. "Mimba hii wengine wanaijua. Nilikuficha wewe tu, dada. Niliogopa jicho lako."

Mwanamkasi aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Siku zote alizokuwa akimchungulia mwenziwe, mwenziwe naye alikuwa akijifunika kwa ajili yake. Wanawake walimtazama, na hakuna aliyemsaidia.

Mize, kichwa ameinamisha, akanyoosha mkono wake.

"Mama, anza wewe kunipaka."

Mwanamkasi akachovya bakulini, pale pale vilipotoka vidole vya Sihaba.