Mkwe Asiyelala

Chumba kilikuwa na mito minne, na Bibi Colombe kichwa chake kilikuwa kimoja tu. Miwili aliilaza kando yake kitandani, ikatosha urefu wa mtoto wa miaka saba, akaifunika shuka. Kisha akajionea haya, akaitupa sakafuni. Mwanamke wa miaka sitini na sita, mwenye wajukuu kumi na mmoja, kucheza na mito!

Dirisha lilitazama ziwani. Julai ile ya mwaka 2008 jua la Stockholm lilikuwa limesahau kuzama. Saa nne za usiku mwanga bado ulikuwa umelala juu ya misonobari, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yametulia hata ukadhani ukiyakanyaga yatakubeba. Ng'ambo ya ghuba, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, aliiona husbil ya mkwewe, ndivyo Waswidi waitavyo gari lenye nyumba mgongoni. Lilikuwa na jiko, vitanda vinne, na choo ambacho ukikalia magoti yanagonga mlango. Onesphore alilinunua kuukuu kwa mzee mmoja wa Upplands Väsby, na alilipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake wa kwanza. Pazia la njano lilikuwa linawaka. Kicheko cha mjukuu wake Natacha kilivuka maji, kikafika dirishani kimechoka, bila maneno.

Bibi Colombe alikisikiliza mpaka kikaisha.

Mtu akiwekwa hotelini hana haki ya kulalamika. Binti yake Xavérine alilileta sanduku mwenyewe juu ya kilima, akaonyesha bafu kwa mikono miwili kama muuza duka.

"Huku utapumzika, Mama. Kule kwenye gari tunabanana kama dagaa. Ukigeuka, mwenzio naye ageuke. Miye mwenyewe ningepata nafasi ningelala hapa, nikamwachia Onesphore mbu wake."

Na kweli starehe ilikuwapo. Asubuhi palikuwa na meza ya mikate ya aina saba, samaki wa siki, mayai, jibini, na wageni walionong'ona utadhani kuna msiba chumba cha pili. Kule kambini, palipoegeshwa magari ya watu wa likizo, Waswidi waliwasha majiko madogo mbele ya magari yao, wakapanga vyungu vya maua kwenye ngazi za nyumba za siku tatu, wakatembea na kandambili kwenda kuoga kwa zamu. Bibi Colombe angetoa mikate yote saba ili apange foleni ile akiwa na taulo begani.

Maana hakuvuka bara zima kuja kulala peke yake. Viza yake ilikuwa ya siku tisini, zimebaki tano. Goti lake la kushoto na umri wake vilimwambia waziwazi kwamba safari ya pili haipo. Alitaka jambo moja: alale usiku mmoja karibu na Natacha, amsikie akipumua, amfunike akijifunua. Wajukuu wengine wote kumi amewalaza mwenyewe. Huyu wa kumi na moja anamjua kwa mchana tu, kwa sababu hata nyumbani kwao Hässelby alipewa chumba chake peke yake, mlango unafungwa taratibu, "usimsumbue Bibi."

Na chini ya hilo palikuwa na jingine lililomuuma zaidi. Mkwewe hamtaki.

Ushahidi alikuwa nao. Onesphore alifanya kazi hospitalini Flemingsberg, akisukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodi hadi wodi. Tangu siku Bibi Colombe aliposhuka kwenye ndege, mwanamume yule aliomba zamu za usiku, usiku mtupu. Mama mkwe akisema tu, "Ngoja nikajinyooshe," mkwe anachukua koti. Asubuhi alirudi macho mekundu, akanywa chai amesimama jikoni, kisha badala ya kulala kitandani mwake alishuka kwenda kulala ndani ya husbil, pale kwenye maegesho, kama mume aliyefukuzwa. Hakula naye meza moja. Hakumsemesha. Akiwa na neno alilipitisha kwa mtoto: "Natacha, mwambie Bibi chai iko tayari," na Bibi mwenyewe yuko hatua tatu, anaiona chai.

Wakwe zake wa Bujumbura wanamwita Mamie, wanambusu mashavu yote mawili, mmoja hata humkopa chumvi bila kuirudisha. Huyu alitazama viatu vyake. Mtu asiyekutazama usoni ana lake moyoni, aliwaza Bibi Colombe. Siku moja alimuuliza Xavérine, "Mumeo nimemkosea nini?" Xavérine alicheka, akadhani mama anatania, akageukia vyombo.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Yeye siku ya themanini na tano alipewa hoteli.

Kesho yake alikwenda na Natacha kuchuma matunda ya porini, vitone vya buluu vinavyoota chini kabisa, mpaka uviinamie kama unayesali. Msitu ulikuwa kimya, na moshi mwepesi wa umande ulisimama kati ya miti ukingoja kuambiwa uende wapi. Mtoto alikuwa na midomo ya buluu. Kiswahili alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiswidi, na Bibi alijibu kwa Kiswahili, na walielewana vizuri kuliko watu wengi wenye lugha moja.

"*Mormor*," alisema Natacha, ndilo jina la bibi mzaa mama, "*kom och sov hos oss!*" Akaweka mikono miwili chini ya shavu, akafumba macho, ili isibaki shaka kwamba anamwita akalale kwao.

"Niulizie papa yako kama anataka."

Mtoto akafikiri. Kwa mara ya kwanza akajaribu Kiswahili, ili aseme sawasawa. "Papa anasema... ukirudi Burundi, ndiyo yeye atalala."

Bibi Colombe akaendelea kuchuma. Mikono ilichuma, lakini moyo ulikuwa umekaa chini. Kumbe hata mtoto anajua. Mtu anahesabu siku zangu ili apate usingizi!

Jioni mvua ikaanza, mvua nyembamba isiyo na haraka. Bibi Colombe alikaa ukingoni mwa kitanda kikubwa, akayatazama maji yakichomwa vishimo vidogo vidogo. Uchungu ulimpanda, kisha hasira, na hasira ndiyo iliyomvalisha viatu. Kama ananichukia, na aniambie usoni. Sitarudi kwetu na kitu nisichokijua. Akatia kitenge na mswaki kwenye mfuko wa plastiki, akashuka kilima.

Ndani ya husbil palinuka maharage na nguo mbichi. Onesphore na Natacha walikuwa mezani wakicheza karata, Xavérine akikoroga sufuria. Bibi Colombe alipanda ngazi mbili, akavua viatu, akasimama mlangoni akichuruzika maji.

"Leo nalala hapa," alisema.

"*Ja!*" Natacha alirusha karata juu.

"Mama, na hoteli?" alisema Xavérine. "Chumba kizuri vile, kimeshalipiwa..."

"Kilale chenyewe."

Onesphore aliinuka. Hakununa. Alitabasamu hata, akiwa ametazama sakafu. Akachukua koti kwenye msumari, akajifunika nalo kichwani, akainama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akatoka mvuani. Alitoka polepole, kwa adabu, kama mtu aliyekuwa akiingoja zamu yake.

Ndipo Bibi Colombe alipouona mgongo ule.

Si mgongo wa Onesphore. Ulikuwa wa Firmin, mume wa binti yake mkubwa, miaka kumi na tatu nyuma, wakati wa vita. Watu thelathini walikimbilia kwenye darasa moja la shule, wakalala chini, mguu kwa kichwa. Firmin alitazama, akaona nafasi iliyobaki ni kando ya mama mkwe wake. Kwao mkwe hali na mama mkwe, hamsemeshi, hamtazami usoni, na halali naye chini ya paa moja. Akachukua koti, akajifunika nalo kichwani kwa sababu ya mvua, akatoka kwenda kulala barazani. Na yeye Colombe alimwona akitoka. Alifurahi, Mungu amsamehe. Alifurahi kwamba binti yake ameolewa na mtu mwenye heshima. Asubuhi baraza lilikuwa tupu, na Firmin hakuonekana tena.

Tangu siku ile aliizika desturi hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Wakwe waliofuata aliwaita mezani kwa nguvu, akawakalisha ubavuni pake, akawafundisha kumbusu. Hakumwambia mtu sababu. Na huyu, aliyeondoka nyumbani mwaka tisini na nne akiwa kijana wa miaka ishirini, nani angemwambia? Alikuja nayo huku desturi ile ikiwa nzima, akaitunza vilevile alivyoiacha.

Bibi Colombe alitoka bila viatu. Onesphore alikuwa amesimama chini ya msonobari, mabega yamelowa, akiitazama mvua kwa usingizi wa macho wazi.

"Onesphore!"

Mama mkwe hamwiti mkwe kwa jina. Mwanamume alishtuka, akageuka huku na huku akimtafuta mtoto wa kumpa jibu alipeleke. Hakukuwa na mtoto.

"Hizo zamu za usiku," alisema Bibi Colombe. "Kulala garini mchana. Ni kwa ajili yangu?"

Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, macho chini.

"Miezi mitatu?"

Ndiyo.

"Na weye, nani amekwambia nataka heshima ya kukuua? Miye nilidhani unanikimbia! Nimelia kwenye kile chumba chenu cha mito minne!" Alikuwa analia sasa pia, na hakujificha. Akamweleza habari za Firmin, zote, pamoja na ile furaha yake, neno ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Lilitoka gumu, likatoka. "Heshima yangu imeshamtoa mtu nje mara moja. Simtoi wa pili. Ingia ndani."

Onesphore hakusogea. Maji yalimtiririka usoni, na si ya mvua pekee. Bibi Colombe akamshika mkono, jambo ambalo kwao halifanyiki, akamwongoza kama amwongozavyo mgonjwa. Mkono ulikuwa wa baridi, nao haukujitoa.

Xavérine alikuwa mlangoni na taulo mbili. Alikuwa amesikia, na uso wake ulikuwa umelowa ingawa hakutoka. Meza ilikunjwa ikawa kitanda. Natacha na Bibi walipewa kile cha juu ya kiti cha dereva, ambacho Bibi alikipanda kwa kusukumwa kutoka chini na kuvutwa kutoka juu, goti likimlaani. Mtoto akajisogeza kwapani mwake, akanuka matunda na moshi, na kabla hajamaliza sala alikuwa amelala. Pumzi ilikuwa pale, shingoni, ya joto. Ndiyo aliyoijia.

Lakini Bibi Colombe hakuisikiliza bado. Alimtazama mkwewe, aliyesimama katikati ya nyumba yake ndogo na mkono kwenye kitasa, hajui akae upande gani. Mvua ilipiga bati. Nje mwanga wa usiku ulikuwa mweupe, unangoja. Kisha Onesphore aliinua uso, akamtazama, akafungua kinywa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Bibi alivyodhania.

"Mama," alisema, "mlango nifunge?"

"Funga," alisema Bibi Colombe. "Sote tumo ndani."