Nafasi ya Vidole Viwili

Mche wa tano nao ulikuwa umekabwa.

Fundi alipiga goti kwenye tope, akashusha miwani hadi ncha ya pua kama alivyozoea akitafuta tundu la sindano, akautazama vizuri. Kile kitambaa chekundu alichoufungia kwa mkono wake mwenyewe kilikuwa kimezama ndani ya gome. Juu yake shina lilikuwa limevimba kama kidole kilichogoma kutoa pete. Chini yake lilibaki jembamba vilevile. Majani ya kileleni yalikuwa yameanza kuwa manjano.

Akapapasa fundo. Wiki saba za mvua zilikuwa zimepita, bustani imefungwa kwa sababu ya matope, na fundo lilikuwa palepale, halijalegea hata chembe. Siku nyingine angejisifu.

"Jamani," akasema peke yake. "Jamani, nimefanya nini?"

Bustani ile zamani ilikuwa jaa la mji. Taka zilipoondolewa, kichaka kigeni chenye miiba kikaingia na kumeza kila kitu, na miti ya asili ikawa inachungulia chini yake kama watoto walionyimwa nafasi dirishani. Ndipo watu wakaanza kujitolea. Kila Jumamosi walikuja kumi na watano hivi, na mapanga na mabuti, wakafyeka kichaka ili miche ipate jua. Tatizo ni kwamba panga halina macho, na mche na gugu vilikuwa vimeota pamoja. Fundi, ambaye magoti yake hayakuweza kuinama na panga asubuhi nzima, akapewa kazi inayomfaa: kuweka alama. Alichana vitambaa vya sare za shule vilivyomsalia alipofunga duka, akafunga kimoja kwenye kila mche wa kuachwa. Penye nyekundu, panga linakwepa. Miche tisini na sita alikuwa ameifunga yeye.

Na alifunga kifundi. Miaka arobaini na mmoja ya cherehani ilikuwa imemfundisha kwamba fundo linalolegea ni aibu ya aliyelifunga. "Shati langu litachakaa liishe," aliwaambia wateja, "ubaki na kifungo mkononi." Basi na miche aliifunga mara mbili, akauma ncha kwa meno na kuvuta. Nguo za watoto wa watu aliziachia upindo chini, kwa kuwa mtoto hukua. Mche hakuuwazia hivyo. Alidhani mche ni kama nguzo.

"Fundi!" Sauti ilitoka upande wa wafyekaji. Ilikuwa ya Dereva, mzee mwenzake aliyeendesha malori mpaka mgongo ukakataa. "Mbona umeinama hivyo? Umepoteza sindano kwenye nyasi?"

"Njoo uone."

Dereva akaja akiburuta mabuti, akaangalia, akavua kofia. 

"Mingapi?"

"Nimeona mitano. Sijamaliza mstari wa kwanza."

Dereva akatazama nyuma, akashusha sauti. "Sikiliza. Hatujaona kitu. Tukiulizwa, ni wadudu. Mimi nitaapa ni wadudu, hata nitawataja kwa majina yao."

"Unawajua wadudu gani wewe?"

"Nitawatunga. Wewe nyamaza tu, mzee mwenzangu. Yule binti msimamizi akijua, atakwambia ukapumzike."

Neno hilo lilimwingia Fundi kama pini. Daktari wa macho alimwambia apumzike, duka likafungwa. Mazishi ya mke wake yalipokwisha, watu walimwambia apumzike, wakaenda zao. Sasa alikuwa na chumba kimoja, cherehani iliyofunikwa shuka kama maiti, kikombe kimoja kinachooshwa na kutumiwa, kuoshwa na kutumiwa. Binti yake aliishi mji mwingine. Fundi alikuwa akimpigia simu asubuhi, adhuhuri na saa kumi jioni, hadi wiki iliyopita binti aliposema taratibu, "Baba, nakupenda, unajua. Lakini mara tatu kwa siku! Niache nipumue kidogo." Fundi alisema sawa mama, hakuna neno. Tangu hapo saa kumi ilikuwa ikimfika kama mgeni ambaye Fundi hakujua amkaribishe na nini.

Ilibaki Jumamosi tu. Jumamosi kulikuwa na mtu wa kupaza sauti kutoka mbali, "Fundi, lete nyekundu huku!" Nani angeiachia siku kama hiyo?

Alibaki amepiga goti pale. Wadudu. Neno rahisi kabisa. Halafu akautazama tena mche wa tano, na yale majani ya manjano, akainuka kwa kushika goti na kwenda kumtafuta Msimamizi.

Alikuwa mwanamke kijana, mabuti yamepanda hadi magotini, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Miche ile aliijua mmoja mmoja, na ukikanyaga mmoja alishtuka kama umemkanyaga yeye.

"Mwanangu," Fundi alisema, "nimeua miti."

"Umefanyaje, mzee wangu?"

Akamwonyesha. Walipita mstari kwa mstari, Msimamizi akihesabu, Fundi akifuata nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Ile iliyokuwa kivulini haikuwa imenenepa bado. Iliyokuwa juani, ile yenye afya kuliko yote, ndiyo iliyokabwa. Thelathini na mmoja.

"Nani alikufundisha kufunga hivi?" Msimamizi aliuliza mwishowe. Sauti yake haikuwa ya hasira. Afadhali ingekuwa.

"Baba yangu. Lakini yeye alinifundishia nguo."

Msimamizi akatoa kisu, akajaribu kukata kitambaa cha mche wa karibu. Kitambaa kilikuwa kimezama mno. Ncha ikateleza, gome likachanika, utomvu mweupe ukamtiririka kwenye kidole. Akarudisha kisu haraka.

"Nikikata naujeruhi. Nikiacha unakauka." Akajifuta mkono kwenye suruali. "Kosa si lako peke yako. Siku ile ulipofunga nilipita hapa nikakusifu, sikuangalia. Basi, mzee wangu, Jumamosi ijayo wewe pumzika. Tutaangalia sisi la kufanya."

Ndivyo neno lile lilivyokuja, kwa upole, kama vile analetewa kiti.

 Mkono wa Fundi uliingia mfuko wa shati na kutoka na kile chuma kidogo chenye ncha mbili, cha kufumulia mishono, mpini wake umelika kwa kidole gumba chake mwenyewe. Hakuwahi kutoka nyumbani bila hicho, hata baada ya kufunga duka. Akapiga goti. Akaingiza ncha, si chini ya kitambaa, ila ndani yake, katikati ya nyuzi, akainua uzi mmoja, ukakatika. Wa pili. Wa tatu. Alifumua kitambaa uzi kwa uzi, kwa vidole zaidi kuliko macho, mpaka kikaachia chenyewe kutoka kwenye gome. Halikupata hata mkwaruzo.

"Huo ni mmoja," Msimamizi alisema. Alikuwa amechuchumaa bila kujua. "Imebaki thelathini. Utaweza?"

"Niliwahi kufumua gauni zima la bibi harusi asubuhi moja. Mwenyewe amekaa anasubiri, kajifunga shuka."

Msimamizi alikaribia kucheka. Akainuka, akaenda kwa wafyekaji.

Adhuhuri Fundi alifika kwenye kibanda cha vifaa kuchota maji. Ubao wa kazi za Jumamosi ijayo ulikuwa ukutani, na Msimamizi alikuwa mbele yake amempa mgongo. Palipokuwa pameandikwa *Vitambaa: Fundi*, alikuwa amepafuta kwa kiganja. Alisimama na chaki mkononi muda mrefu. Mtu akamwita kuhusu toroli, akaiweka chaki, akaenda. Palibaki vumbi jeupe.

Fundi alikunywa maji yake, akarudi kwenye miche.

Wengine waliondoka mmoja mmoja. Dereva alikuja kumwita mara mbili. "Twende, bwana. Utamalizia Jumamosi."

"Jumamosi sijui kama nipo."

"Upo wapi sasa, unahamia mwezini?" Lakini hakungoja jibu. Aliacha chupa yake ya maji kwenye nyasi, karibu na mkono wa Fundi, na mabuti yake yakasikika yakienda hadi getini.

Bustani ikawa kimya. Mche wa thelathini na moja uliachia karibu saa kumi. Chini ya kitambaa palibaki duara jeupe, lenye unyevu, kama alama ya mpira wa kaptura kiunoni mwa mtoto anayeogeshwa. Fundi aliligusa kwa ncha ya kidole. Pengine ungepona. Pengine wiki ijayo majani yote yangekuwa chini. Gome halikusema.

Lakini miche iliyofumuliwa haingeweza kubaki bila alama, mapanga yangeipitia. Akatoa kitambaa kipya, aanze na huu. Akalaza vidole viwili juu ya shina, akafunga kitambaa juu ya vidole vyake, kisha akavichomoa. Kitambaa kikaning'inia ovyo, kama suruali ya mtu aliyekonda. Ilikuwa kazi ya aibu. Fundi angemfukuza mwanafunzi kwa fundo kama lile. Meno yalimwasha yavute, kidogo tu.

Akaweka mikono mifukoni. Kule kivulini miche sitini na mitano ilikuwa bado imefungwa kwa meno.

Katika mfuko mmoja vidole vilikuta simu. Akaitoa, akaona saa kumi imefika, akaitazama mpaka kioo kikazimika chenyewe. Akairudisha.

Upepo ukashuka kutoka upande wa geti. Kitambaa kikazunguka shina nusu duara, kikasita, kikarudi. Fundi alisimama palepale, akikitazama kama kitaanguka.