Vidonge vya Mama

Nilivimwaga vidonge vinne kwenye kisahani, nikavitenga kwa kidole: viwili upande wangu, viwili upande wa mama. Mama akageuza uso kutazama jiko, kana kwamba chai ilikuwa inafurika. Asubuhi mbili alikuwa amekataa. Hiyo ya tatu nilimwambia asipomeza, nami simezi, na alinijua nilivyo mkaidi. Akameza. Kisha akachukua kalamu akatia alama kwenye kadi yangu ya kliniki, kuonyesha kwamba mgonjwa amemeza dawa zake zote.

Alikuwa ametoka Malakisi kuja kuniuguza huku Kitale, TB iliponilaza. Kliniki ikamwandika awe wa kuniangalia nikimeza. Mwezi mmoja baadaye akaanza kukohoa, kikohozi kilekile changu. Nilimsihi twende apimwe.

"Wakijua nyumbani, Khisa, nani atakula kwa sufuria yangu?"

Asiyemjua mama yangu Nekesa atadhani hilo ni jambo dogo. Kwa miaka thelathini, upande wetu ule wa Bungoma, hapakuwa na harusi wala matanga yaliyopita bila mkono wake jikoni. Aliingia kwa watu akawaamuru hata wenye boma. Bila sufuria angebaki mjane tu, mmoja kati ya wajane wengi. Kwa hivyo nikagawa dawa, jinsi yeye alivyonigawia yai enzi zile tulipokuwa na yai moja, na sikuona kosa.

Ubaya ni kwamba tulipata nafuu, sote wawili. Mama aliimba akifua nguo. Kumbe zile nusu hazikuwa zinaua ugonjwa, zilikuwa zinauzoesha dawa. Mahindi yalipoanza kubeba, kikohozi kilirudi, na safari hii kilirudi na damu, hata mama akakubali kupimwa.

Cheptoo, afisa wa kliniki, alituketisha karibu na dirisha lililo wazi. Alituambia TB yetu sasa ni sugu, dawa za kwanza haziiwezi. Tungeanza nyingine, za aina nne, kwa miezi sita.

"Hizi zinafanya kazi pamoja. Ukipunguza hata moja umejiharibia," alisema. "Sasa niambieni ukweli. Zile za kwanza mlikuwa mnameza aje?"

Nilifungua mdomo, lakini mama akanitangulia.

"Ni mimi, daktari. Nilikuwa naibia huyu kijana dawa. Yeye hakujua."

Hakunitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tena nafasi ndefu, maana Cheptoo aliandika polepole. Nikatazama viatu vyangu. Niliogopa kugombezwa, mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Sina sababu nzuri kuliko hiyo, na nimeitafuta sana.

Tulianza siku moja, kila mtu na dawa zake. Mimi zilinitapisha, zikanichoma nyayo, lakini nikaanza kunenepa. Mama mapafu yalikuwa yamekwisha kuliwa. Alifariki wiki ya saba.

Habari ililitangulia jeneza Malakisi, kwa sababu mwenyewe alikuwa amewapigia ndugu zake simu akawaeleza, asije mtu akanilaumu. Mjomba Eliakim alisimama kando ya kaburi akasema, "Tumsamehe dada yetu. Alimwibia mwanawe, lakini alikuwa mzazi." Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia.

Siku nilipomaliza dawa, Cheptoo aliniomba niwatie moyo wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye benchi. Nilianza vizuri. Nilipofika kwa mama, nikasema aliniibia, kwa wepesi wa mtu aliyezoea. Mwanamke mmoja akafyonya ndani ya barakoa yake.

"Mama gani huyo, bana?"

Sijui hasira ile ilitoka wapi.

"Hakuiba," nikamwambia. "Mimi ndiye niligawa. Alikataa nikamlazimisha. Halafu nikamwacha azikwe na jina la mwizi."

Cheptoo aliacha kuandika. Kisha mzee mmoja pale mwisho, mwenye koti la mvua, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa, akakifungua juu ya goti. Ndani mlikuwa na vidonge.

"Hizi nilikuwa nimewekea bibi yangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Yuko wapi?" Cheptoo akamuuliza.

"Ako hapo nje kwa geti. Ati anaogopa kuonekana."

Cheptoo akachukua barakoa mpya akatoka kumwita. Mzee alinikazia macho, nadhani alingoja nimwambie neno la kumpoza. Nilikuwa nikimwonea wivu. Wa kwake alikuwa bado hai wa kuitwa.