Maji Mafu

Kazi ya kuchagua kambi ya ufukweni alipewa mke wa kaka yangu, na mimi ndiye niliyesema apewe. Ni fundi cherehani, mtu wa bara, bahari ameizoea kwenye kalenda. Mwaka wa tatu huu yumo kwetu na mama hajamwita mwanangu hata siku moja. Humwita "yule". Yule kapika, yule kafua. Fundi alilitamani neno hilo waziwazi, mpaka aibu nikaiona mimi.

Mama alitaka kitu kimoja tu: alale mahali anaposikia maji. Miguu yake imevimba, macho yameingia mtoto wa jicho, yamebaki masikio. Fundi akaona hapo ndipo pa kumpatia.

Akampigia simu mwenye kambi, kisha akanifuata kivukoni ninakokata tiketi.

"Wifi, yule baba anasema wiki hii ni maji mafu, wiki ijayo bamvua. Hayo mafu si yatakuwa yananuka?"

Jedwali la maji kujaa na kupwa limebandikwa juu ya kichwa changu mwaka wa kumi na moja sasa. Maji mafu ndiyo ya kumpeleka mgonjwa: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, hayana ugomvi na mtu. Bamvua, yanapotoka mbali na kurudi juu kupita kawaida, ndiyo ya kuogopa.

"Kwani wewe ungempeleka mama yako kwenye kitu kilichokufa?" nikamuuliza.

"Aka! Na hiyo bamvua je?"

"Bamvua maji yanakufuata mpaka mlangoni."

Uongo uko wapi hapo? Akanishukuru kwa mikono miwili, maskini. Usilolijua ni kama usiku wa kiza.

Tulifika wiki ya bamvua, saa nne asubuhi, bahari imetoka mpaka imebaki uzi. Kaka akatushusha, akageuza gari kurudi kufuata mkaa aliousahau. Mwenye kambi akatupa ufunguo wa choo na kwenda zake. Pa kupiga hema palikuwa pawili: juu kwenye miti ya mivinje, na chini mchangani.

"Huku chini pazuri, wifi," Fundi akasema. "Mchanga umenyooka kama umepigwa pasi."

Nilijua nani huupiga pasi. Nikamshikia kamba.

"Nani kachagua hapa?" mama akauliza.

"Yule, mama."

Baada ya chakula tulichokuja nacho, kaka bado hajarudi, mama akalala hemani. Fundi akaenda bombani, nyuma ya choo, kuosha sahani. Mimi nikapanda kwenye mivinje na chupa yangu ya chai. Kufika saa kumi kasorobo maji yalikuwa yameshaingia hemani. Nilitaka Fundi aaibike tu, mama sikumtakia baya. Lakini nitasema ukweli: miguu yangu haikushuka. Nilikuwa nangoja aaibike kwanza.

Mama akapiga yowe. Fundi alitupa sahani akakimbia na gauni lake, maji yakampata kiunoni, akatoka na mama mgongoni. Mama kamkaba shingo kwa mikono yote miwili.

"Usiniachilie, mwanangu! Mwanangu, usiniachilie!"

Fundi hakuwa na pumzi ya kujibu. Alikuwa analia, na uso wake unacheka. Alipanda ule mchanga wote hivyo hivyo, akamkalisha mama kwenye kiti, pembeni yangu.

Nikamfunika mama taulo. Akapapasa, akanishika mkono. Mkono wangu ulikuwa mkavu, na mama hakuuliza.

"Mwanangu," akaniambia, "kumbe una mgongo hivi! Ungekuwa mbali ningekufa. Na yule aliyetuleta kwenye maji yuko wapi?"

Fundi alisimama hatua moja kutoka kwetu, gauni linachuruzika. Alifungua mdomo, akanitazama mimi kwanza, akingoja niseme. Nami nilimtazama, nikaendelea kumkausha mama nywele.

"Anakusanya sahani, mama."

Fundi akaenda kukusanya sahani.